Jiwe Lisilo na Chini

Kitundu anajilaza kwenye kitanda cha kamba baada ya chakula cha mchana, akiwasubiri wachimbaji. Barabara mpya itapita juu ya kaburi la mama yake, na leo alasiri mama atahamishwa. Yeye ndiye mzaliwa wa kwanza, amekubali, na kwa kukubali kwake huko, mdogo wake Monika ameapa hatakanyaga hapa tena wala hatasema naye. Kitundu anageukia ukutani, anageuka tena, usingizi unamkwepa, kisha anaona ukuta umelainika kama uji, anaugusa, mkono unapita, naye anaufuata mkono wake.

Upande wa pili mchana ni mweusi. Jua lipo, dogo kama kifungo cha shati, na nyota zinawaka kando yake bila haya. Chini ni jiwe tupu, la kijivu lililoungua hadi wekundu, mashimo kila mahali, na upeo uko karibu mno, unatembea kidogo tu dunia inapinda na kukatika. Anatembea. Mbele yake zipo nyayo, anazifuata akidhani kuna mtu, kumbe ni zake mwenyewe, amekwisha kulizunguka jiwe zima, na jua lililokuchwa mbele linachomoza mgongoni, na njia bado inaendelea. Hapo anagundua kwamba mikono yake si mitupu. Amempakata mama yake, ndani ya sanda, mwepesi kama kapu lisilo na kitu. Kitundu baba, anasema mama, nimechoka kubebwa, nilaze. Anamlaza. Mama anainuka taratibu kama moshi, naye anamdaka. Anamlaza tena, anainuka tena.

Anatokea mtu asiye na uso, penye uso pana ubapa mtupu kama kisigino. Hapa ni wapi, ndugu yangu? Ni kokoto, anajibu yule, kokoto iliyosalia ujenzi ulipokwisha, kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii, upande wa ndani, tuko maelfu na hakuna jirani. Natafuta pa kumlaza mama. Kitendawili, anasema yule. Tega. Ukikilaza kinaondoka, ukikishika kinakuchosha. Kitundu anafikiri, hajui. Basi nipe mji. Kitundu anampa Singida, na yule anaupokea mji lakini jibu halitoi, anaukung'uta tu kama jamvi na kuutandika juu ya jiwe.

Mji umegeuka kama ndani ya kioo, soko liko ulikokuwa msikiti, vibao vya maduka vinasomeka kinyume, na watu wote wanatembea wameshikilia kitu, huyu bawaba ya mlango, yule nguzo. Kitundu anapiga hodi nyumba hadi nyumba. Wanamjibu jibu moja: pa kushikia papo, pa kulalia hapapo. Anafika penye kiwanja cha nyumbani kwao, anamlaza mama, anampangia mawe juu ili yamzuie, na mawe nayo yanaondoka moja moja, yanaelea juu ya mapaa. Basi nitakushika milele, anafoka, akimkamata kifundo cha mkono. Unaniumiza, baba, anasema mama. Na Monika nani atamshika?

Hilo hakuwa amelifikiria. Anafumba macho, analegeza vidole, anaachia. Anayeinuka ni yeye. Mama amebaki chini amesimama, nyayo zote mbili zimekaza juu ya jiwe, anajifunga sanda vizuri kama mtu anayejiandaa kupokea wageni, na jiwe linapungua, ni ngumi, ni jino, ni nukta kati ya nukta, na Kitundu anapiga mateke hewani akitafuta chini iko wapi.

Kaka. Kaka Kitundu, amka, wamefika.

Monika amesimama kando ya kitanda, kanga kiunoni, miguu ina vumbi la safari. Nje majembe yanagongana. Kitundu anashika ubavu wa kitanda kwa mikono yote miwili, hathubutu kukaa wima.

Ulisema hutakuja, anasema.

Nilisema. Lakini kama mama hana budi kuhama, hatabebwa na wageni. Inuka, tukambebe.

Anamtazama usoni, uso upo, macho yamevimba kwa kulia. Hajui yuko upande gani wa ukuta, wala hamwulizi. Anavaa viatu upesi amfuate, kabla hajaamka.