Maji ya Safari ya Kalina

Jumatatu ya pili ya mwezi wa Juni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mzee Stamen Gergov alijaza ndoo ya shaba maji ya kisimani, akatia ndani kitawi cha zdravets, ua la afya, akaiweka nje ya lango. Kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, lakini mkewe alikuwa na miaka mitatu makaburini, na mtoto haondoki nyumbani pasipo kumwagiwa maji. Kalina, mjukuu wake wa miaka minane, akatoka na viatu vipya, akaipiga ndoo teke kwa mguu wa kulia kama alivyofunzwa.

“Safari iteleze kama maji,” alisema mzee, na wakaenda kupanda basi la Italia, aliko mama wa mtoto.

Kosa lilikuwa hapo. Hati ya ridhaa ya baba wa mtoto ilikuwa bado haijaonekana. Ognyan, aliyetengana na binti wa Stamen miaka minne nyuma, alikuwa ameahidi kuileta stendi ikiwa na saini na muhuri. Hakutokea. Stamen alisema wasonge mbele tu, huenda afisa wa mpakani akawa mtu mwelewa. Afisa alikuwa mtu mwelewa. Aliisoma hati ya mama, akaisifu kwamba imeandikwa vizuri, akauliza ya baba iko wapi, kisha akawaonyesha benchi la kungojea basi la kurudi.

Waliporejea jioni, Kalina ndiye aliyeona kwanza kwamba maji yameondoka. Yalikuwa yameteremka mtaani, wembamba wa kidole, yakapita mbele ya duka la mikate, yakakata kona kwenye gereji ya matairi karibu na stesheni, yakashika barabara ya mpakani. Hayakukauka wala hayakusambaa. Pale ndoo ilipopinduka, jiwe la langoni lilikuwa likitoa mengine.

“Stamen,” alisema Bibi Tsonka, jirani, akiwa upande wake wa ua, “maji yako yanapita kwenye vitunguu vyangu.”

“Yana safari. Yatapita.”

“Ungengoja karatasi kwanza ndipo umwage. Hata mbuzi wangu angelijua hilo.”

“Mbuzi wako hajawahi kuwa na pasipoti.”

“Ndiyo maana hajarudishwa mpakani.”

Maji yakimwagika hayazoleki. Stamen aliiacha ndoo ilipolala, akaingia ndani kumpikia mtoto supu.

Siku ya tatu maji yalifika mpakani. Afisa yule yule aliyaandika daftarini, akaipitia sheria ya watoto wanaovuka mpaka, akaona haisemi neno juu ya maji, akanyanyua kizuizi. Siku ya tisa Desislava, mama wa Kalina, alipiga simu kutoka Ferrara, kule Italia, alikokuwa akimtunza bibi mmoja asiyeweza kuinuka kitandani. Kazi hiyo ilimruhusu kuja nyumbani Krismasi tu.

“Baba, kuna maji yameingia chini ya mlango wa jikoni.”

“Ya baridi?”

“Ya baridi. Yana ile ladha ya chuma ya kisima chetu. Na jani la zdravets limo.”

“Usiyapige deki.”

“Siwezi, baba. Nimeshanawa uso kwayo.”

Tangu siku hiyo Kalina alinawa langoni. Povu la sabuni yake lilifika Ferrara siku ya tisa. Jino lake lilipong’oka hakulitupa juu ya paa ili kunguru amletee la chuma, kama wafanyavyo watoto wote, bali alilitia majini. Mama yake alikaa na kijiti jikoni siku ya tisa nzima asije akalikosa, na alipolipata aliliweka kwenye kisahani cha kahawa. Wakati mwingine, mama alipotaka kujua mtoto amekua kiasi gani, Kalina alisimama majini pekupeku kuanzia asubuhi hadi kengele ya mchana. Kule Ferrara, siku yake ilipotimia, maji yalikuja na uvuguvugu wa nyayo mbili. Desislava aliweka zake juu ya huo uvuguvugu.

“Amepanda namba mbili,” alimwambia baba yake kwenye simu. “Viatu vya shule nilivyomnunulia havimwingii tena.”

Shule ya huko ilikuwa imemwekea Kalina nafasi. Ingefunguliwa tarehe kumi na tano Septemba.

Katikati ya Agosti, mtaa mzima ukinuka pilipili hoho zinazochomwa, ilikuja barua kutoka mpakani. Stamen aliisoma akiwa amesimama. Alimaliza sekondari kwa masomo ya jioni akiwa na miaka thelathini na sita, baada ya zamu zake za reli, na barua ya serikali hakuwahi kumpa mtu amsomee. Iliandikwa kwamba, baada ya uchunguzi, imebainika maji hayo yalimwagwa kwa niaba ya mtoto, kwa hiyo yanasafiri kwa jina lake, kwa hiyo yanahitaji ridhaa ya maandishi ya wazazi wote wawili. Ridhaa ya baba isipofika ndani ya siku kumi na nne, yatazibwa kwa saruji. Aliisoma mara ya pili akitafuta kosa. Hakulipata.

Mahakama alikuwa ameshaijaribu. Kesi iliahirishwa mara mbili kwa sababu Ognyan hakupatikana kwenye anwani yake. Alipatikana kila siku kwenye gereji ya matairi, lakini hiyo haikuwa anwani yake.

Stamen hakuwa amezungumza naye uso kwa uso kwa miaka minne. Ile ahadi ya Juni ilipitia kwa Bibi Tsonka. Sasa alivaa koti lake la Jumapili, akachukua mitungi miwili ya pilipili zilizochomwa, kwani mkono mtupu haulambwi, akayafuata maji hadi gerejini.

Ognyan alikuwa akiziba pancha. Mbele ya mlango alikuwa ametandika ubao juu ya maji, ili wateja wasiyakanyage.

“Umeota mvi, mzee,” alisema.

“Na wewe umeota tumbo.”

“Hizo umezimenya mwenyewe?”

“Mimi na Kalina.”

Ognyan aliipokea mitungi, akaiweka juu ya rafu ya nati. Alifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Nimekuja kukuomba,” alisema Stamen. Neno hilo hakuwahi kulitumia kwa mtu mdogo kuliko yeye. “Karatasi mbili. Moja ya maji, moja ya mtoto.”

“Akienda, Jumapili nitampitia nani?”

“Hujampitia tangu Pasaka.”

“Sawa. Lakini yupo. Nikitaka, nampitia.” Alitazama ubao. “Juzi kilipita kifungio cha nywele zake. Cha bluu. Nikakiacha kiende.”

“Nakushukuru kwa hicho.”

“Kesho saa nne nitakuja kwa mthibitishaji. Safari hii nitakuja.”

Alikuja kweli, amechana nywele. Bi Galabova, mthibitishaji wa hati, mwanamke ambaye hakuwahi kugonga muhuri ukakaa upande, aliweka karatasi mbili mezani, akazisoma zote kwa sauti, akauliza kama zimeeleweka. Ognyan alisema zimeeleweka. Alitia saini ya maji, kurasa zote tatu.

“Maji sina ugomvi nayo,” alisema. “Yaende.”

Kisha akaifunika kalamu.

“Na hii?” aliuliza Bi Galabova.

“Hiyo tutaona.”

“Ognyan,” alisema Stamen, “shule inafunguliwa tarehe kumi na tano.”

“Tutaona, mzee.”

Bi Galabova aligonga muhuri kwenye ridhaa ya maji, akaupuliza wino ukauke, akamkabidhi Stamen. Karatasi ya pili aliirudisha kwenye jalada bila kuikunja.

Stamen aliituma nakala mpakani, nao wakajibu kwamba kila kitu kiko sawa. Nakala nyingine aliitia kwenye mfuko wa plastiki, akaipigilia langoni.

Tarehe kumi na tano Septemba Kalina alivaa viatu vya Juni, vilivyokuwa vikimbana vidole, akachukua shada la maua la kumpelekea mwalimu wa mjini kwao, kama watoto wote siku hiyo. Langoni alichomoa ua moja jeupe, akachuchumaa, akaliweka majini, akalitazama hadi likakata kona. Ndipo babu yake akamshika mkono.

Siku ya tisa Desislava alipiga simu jioni. Alisema ua limefika, limelowa lakini zima. Alisema aliomba ruhusa ya nusu saa, akalipeleka shuleni mwenyewe. Mwalimu alishukuru sana. Alilitia kwenye glasi juu ya meza yake, akafungua daftari la mahudhurio, akamwandika Kalina hayupo.