Nusu ya Tuzo ya Zaitun

Munir ndiye aliyeleta kompyuta katika kituo cha chuo kikuu pale Voi, ambako yeye na mkewe Zaitun walikuwa wahadhiri. Zilikuwa tatu, ndani ya chumba chenye mapazia mazito, na mwanafunzi hakuruhusiwa kuingia na viatu. Kwa hivyo mwaka wa 1996, chuo kilipotangaza tuzo ya mhadhiri anayefundisha vizuri zaidi kwa kutumia teknolojia, Munir alikwenda kwa fundi akashonesha suti.

Zaitun hakushonesha kitu. Yeye alifundisha Kiswahili kwa kaseti. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa walimu wa shule za msingi huko Marungu, Salaita na Chala, waliosoma huku wakifanya kazi, na Voi walifika wakati wa likizo tu. Basi alasiri, baada ya kuswali, alijifungia chumbani na redio kaseti akarekodi masomo ya kuwatumia.

"Kaseti ni za taarab, Mama Amin," Munir alikuwa akimtania.

Kamati ya tuzo ilipokuja kutoka Nairobi, ilianza na chumba cha kompyuta. Wakavua viatu, wakasifu, wakavaa viatu. Kisha wakaomba kupelekwa Salaita. Walirudi jioni wamejaa vumbi hadi kwenye nyusi, wakisimulia kwa furaha habari za walimu waliowakuta darasani na kaseti ya Zaitun, wakiisimamisha, wakibishana, wakiirudisha nyuma wasikie tena. Munir aliwasikiliza huku akiikoroga chai yake. Hakuinywa.

Profesa Muasya, mwenyekiti wa kamati, akamvuta kando.

"Bwana Munir, mkeo ametushangaza. Kazi hii ameifanya peke yake?"

"Tumeifanya pamoja," Munir akajibu. "Yeye ana sauti nzuri tu. Mipango yote ya masomo ni yangu."

Alishangaa jinsi uongo huo ulivyomtoka kwa urahisi.

Siku ya sherehe, ukumbi ukiwa umejaa, majina mawili yalisomwa, la Munir likitangulia. Zaitun alimgeukia mumewe. Aliutazama uso wake, akaelewa. Akainuka, akaweka buibui lake sawa, wakapanda pamoja, na yeye akashika upande mmoja wa ngao iliyoandikwa majina yao.

Waliposhuka, mwalimu mmoja wa Salaita, Jedidah, alimrukia Zaitun akamkumbatia. "Mwalimu! Sauti yako hii, ningeijua popote!" Kisha akampa Munir mkono kwa heshima. "Na wewe bwana, kwenye kaseti ulikuwa unafanya nini?"

"Mipango," Munir akasema.

"Mipango gani?"

Jedidah hakuwa na ubaya wowote, alitaka kujua tu. Munir akajifanya kuna mtu anamwita.

Nyumbani, Zaitun alivua viatu akakaa kitandani.

"Sema chochote," Munir akamwomba.

"Niseme nini? Wewe ulikuwa na kompyuta tatu. Mimi nilikuwa na redio. Hukutaka nibaki hata nayo?"

"Niliona wivu."

"Mpigie Profesa simu umwambie ukweli."

"Nitaaibika, Zaitun."

"Mimi nimeshaaibika mbele ya ukumbi mzima, na sikufanya kosa lolote."

Hakugomba tena. Alipika, aliitika akiitwa, lakini alianza kumwita "Bwana Munir", kama anavyoitwa na wageni. Hilo ndilo lililomshinda. Akaenda posta, akaingia kwenye kibanda cha simu na foleni ya watu nyuma yake, akamweleza Profesa kila kitu kwa sauti ya chini.

"Ngao tutaiandika upya," Profesa akasema. "Lakini mkuu wa kituo chenu lazima nimjulishe."

Akajulishwa, na baada ya muda kituo kizima kikajua. Wenzake walinyamaza kila alipoingia chumba cha walimu. Ngao mpya ilipofika, Munir mwenyewe aliibeba hadi nyumbani, akatafuta nyundo na msumari, akaitundika sebuleni. Akarudi nyuma kuitazama. Palikuwa na jina moja tu, na alipolisoma wivu ulimchoma vilevile kama siku ile ya kamati, haukupungua hata chembe.

Zaitun alikuwa amesimama mlangoni. "Bado inakuuma?"

Munir alitaka kukana. "Inaniuma," akasema.

"Sawa. Leo angalau umeniambia mimi, hukwenda kwa Profesa."

Hakutabasamu. Alimpokea nyundo, akamwomba awatoe watoto nje wasipige kelele, maana alitaka kurekodi somo la ngeli.