Saa ya Mkwe na Saa ya Sokoni

Mwoka mikate wa mtaa wetu tunamwita Hamira, kwa ajili ya kitambi chake, na yeye huitika bila kinyongo. Asubuhi ile aliingia dukani kwangu bila utani wowote. Alivua saa mkononi, akatoa nyingine mfukoni, akaziweka mbele yangu.

"Fundi, nimeua saa ya mkwe."

Ufundi huu nilijifunza peke yangu kwa kufungua saa mbovu, kwa hiyo huuliza kwanza, bisibisi baadaye. Nilizilaza saa zote mbili juu ya kitambaa cheupe.

Ya mkwe ilikuwa ya dhahabu, nyembamba kama biskuti, ya kutiwa ufunguo kwa mkono kila asubuhi. Bei yake ingemnunulia Hamira tanuri jipya. Ya pili aliinunua sokoni: ya chuma, nene, yenye namba kubwa kama za milango ya ofisi, hujitia ufunguo yenyewe mkono unapocheza. Unga ulikuwa umejaa kwenye pingili za mkanda wake.

"Hii ya sokoni inakwendaje?"

"Haikosei. Ya dhahabu ndiyo inakimbia, dakika ishirini kwa siku. Mzee anasema aliivaa miaka thelathini haikumkosea hata mara moja. Mimi miezi miwili tu." Akajifuta jasho. "Na kesho anakuja kwetu. Huyu mzee alininyima binti yake miaka miwili, eti mikono ya kukanda haijui kutunza. Kunipa saa ndiyo ilikuwa kusema yamekwisha. Hata mke wangu sijamwambia."

"Uliiangusha? Iliingia maji?"

"Maji yataingilia wapi? Nikifika kazini naivua, navaa hii ya sokoni."

Nikaifungua. Mashine ilikuwa safi, kila gurudumu mahali pake. Nikafungua na ya sokoni. Ndani haikuwa na urembo wowote, lakini ilipiga kwa utulivu.

"Ukiivua unaiweka wapi?"

"Mahali salama kuliko pote. Nimeipigia msumari wake ukutani, kando ya ule ubao unaonasa visu. Pale hakuna anayepeleka mkono ovyo."

"Na ubao unanasa visu kwa nini?"

"Kwa sumaku," akasema, kisha akaikodolea macho saa ya mkwe.

Nilichukua dira ndogo nikaisogeza kwenye saa ya sokoni. Mshale haukujali. Kwenye ya dhahabu ukageuka mara moja. Nikamweleza kwamba ndani mna springi nyembamba kama unywele, na ikiingiwa na sumaku mizunguko yake hugandana, saa ikaenda mbio.

"Kwa hiyo imekufa?"

"Imelewa tu."

Nina kijisanduku cha umeme cha kutolea sumaku. Niliipitisha saa juu yake, nikaiondoa polepole. Mshale wa dira ukatulia. Nikazilinganisha saa zote mbili na ya simu yangu, nikamwambia arudi baada ya saa mbili.

Hakuondoka. Alikaa kwenye benchi akizikodolea macho kama mtu anayesubiri mgonjwa atoke chumba cha upasuaji. Saa mbili zilipotimia, mishale ilikuwa sawa kabisa.

Hamira alishusha pumzi ndefu hadi kitambi kikateremka. Akampigia mke wake, simu ikiwa kwenye kipaza sauti, akamweleza yote tangu msumari hadi dira, nami nikiwa nasikia kila neno.

"Kumbe ndiyo maana huli," mke akasema. "Mimi nilidhani una mwanamke."

"Mwanamke gani atanitaka na tumbo hili?"

"Ndiyo maana nami sikukazana kuuliza." Akacheka. "Mume wangu, umeteseka bure. Baba aliwahi kuiweka juu ya spika ya redio, ikakimbia mwezi mzima. Alimwambia mama peke yake, naye mama akaniambia mimi. Kesho akikuuliza, mwambie ukweli uone atakavyotazama pembeni."

Hamira alikaa tena kwenye benchi. Safari hii alikuwa anacheka bila sauti, machozi yakimtoka, na saa ya dhahabu iko mkononi.