Akadodosa

Tangu kiharusi kilipomfunga Mwalimu ulimi, kila aliyeingia sebuleni kwake aliingia na swali. Jirani wa ghorofa ya juu alimwinamia na kupaza sauti, utadhani ugonjwa ulikuwa wa masikio: "Mwalimu, mimi nani?" Mwanawe wa kiume, dereva wa lori, alimnyanyulia kikombe: "Mama, hiki nini?" Mwalimu, aliyefundisha fasihi mpaka akastaafu, aliwatazama, akajaribu, mdomo ukaenda upande, kisha akageukia ukuta.

Aliyemuuguza ni bintiye wa mwisho, msusi, ambaye ukoo mzima ulimwita Kitinda. Asubuhi alimwogesha mama, akamwachia shangazi zamu, akakimbilia saluni. Alasiri alirudi, vidole vikinuka mafuta ya nywele, asijue atakuta nini.

Mtaalamu wa matamshi alipokuja, alikaa pembeni akamsikiliza shangazi akimuuliza Mwalimu jina la wifi yake, leo siku gani, na kama anataka maji. Halafu akamvuta Kitinda jikoni.

"Mpunguzieni maswali," akasema. "Akishindwa kujibu anaona aibu, na aibu inamfunga zaidi. Msomeeni kitabu anachokipenda."

"Ndiyo ataongea?"

"Hilo siwezi kukuahidi, dada. Msomeeni tu."

Kitabu chenyewe Kitinda alikijua, na hakukipenda. Kilikuwa riwaya ya zamani, jalada limegandishwa kwa gundi mara nyingi, kuhusu mfanyabiashara aliyeshtakiwa kumdhulumu mpwa wake urithi. Humo hakuna mtu anayesema tu. Hakimu anasaili, wakili anahoji, jirani anadadisi, mshitakiwa anang'aka. Mama alikuwa akiwaambia wanafunzi kwamba ukiyafunika maneno yote ya wahusika kwa kiganja na kusoma vitenzi peke yake, bado utajua nani anamwogopa nani. Kitinda, aliyekaa katika darasa hilohilo, hakuwahi kushawishika. Swali ni swali, aliona. Insha zake zilijaa "akauliza, akauliza," na kalamu nyekundu ya mama haikujali kwamba ni mwana wa kumzaa.

Basi akasoma. Kila alasiri alivuta kiti karibu na kitanda, akasoma mpaka koo likamkauka. Mwalimu alifumba macho. Alikuwa akisikiliza au amelala, Mungu ndiye ajuaye. Shangazi alisema ni kumpigia mbuzi gitaa. Kitinda naye alianza kukata tamaa, lakini hakuwa na dawa nyingine.

Siku moja alirudi amechoka hoi, kichwa cha bibi harusi kimemmaliza nguvu. Akasoma kwa pupa. Vitenzi vile vya mapambo akavitupa, kote akaweka "akauliza" ili amalize sura mapema. Akafika pale mfanyabiashara anarudi kutoka mahakamani, anakaa kimya, na mkewe anamsogelea pole pole.

"'Kuna jambo hujaniambia?' akauliza mkewe," Kitinda akasoma.

Kitandani ikatoka sauti.

Kitinda aliinua macho. Mama alikuwa amekunja uso. "Do," alisema. "Do..."

"Dawa? Mama, unataka dawa? Unaumwa wapi?" Maswali yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka, kisha akakumbuka aliyoambiwa, akajiziba mdomo. Hakujua afanye nini, akarudia tu sentensi ileile, taratibu: "'Kuna jambo hujaniambia?' akauliza mkewe."

"Aka-do-do-sa," akasema Mwalimu.

Kitinda akainamia ukurasa. *Akadodosa mkewe.* Ndivyo ilivyoandikwa. Mtu anayejua kwamba jibu litauma, analitafuta kidogo kidogo, kwa upole. Hakulisoma mara ya pili, kwa sababu machozi yalikwisha kuyaziba maandishi. Akaangua kilio na kicheko kwa pamoja, akambusu mama kiganja, paji, mashavu yote mawili, kisha akampigia kaka yake simu.

"Mama kasema!"

"Kasema nini?"

"Akadodosa!"

"Nani kamdodosa nani?"

"Mke wa mshitakiwa!"

"Mshitakiwa gani? Kitinda, hapo kuna polisi?"

Kaka alifika bado amevaa glavu za kazi, akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, unanisikia? Unanijua? Jina langu nani? Sema tena, mama, sema..."

Mwalimu alimtazama mwanawe huyu mkubwa mwenye mabega ya kubebea magunia. Ulimi ulimpa taabu. Walimngoja. Shangazi alisimama mlangoni ameshika kitambaa.

"Usi," akasema. "Usini-hoji."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, wakafuata wote, na midomo ya Mwalimu, upande mmoja tu, ikacheka pia.

Mtaalamu, walipompigia, alisema njia bado ni ndefu na siku nyingine zitarudi nyuma. Lakini neno limepita, na palipopita moja patapita mengine. Kaka akasema yeye atasoma sura inayofuata, akaanza kwa kusitasita, kidole juu ya mstari. Kitinda alijilaza kwenye kochi kunyoosha mgongo kidogo. Tangu mama alipoanguka hakuwahi kulala bila kutegesha sikio. Kabla hakimu hajaingia mahakamani, alikuwa anakoroma, viatu mguuni.