Mvua ya Kwenye Kompyuta

Adriano alikuwa amerusha ndege mara nyingi kuliko rubani yeyote wa Tabora, na zote alizirusha akiwa kitini, kikombe cha chai pembeni. Ndege halisi hakuwahi kuipanda. Akienda Dar alipanda treni, kwa kuwa treni ikiharibika, alisema, abiria unashuka ukanunua karanga.

Kazi yake ilikuwa kupima kifaa cha kumwonya rubani ardhi inapokaribia. Kompyuta inaigiza safari, kifaa kinadanganywa kwamba kiko angani, naye anatazama kama kitapiga kelele kwa wakati. Juani kilipiga, kwenye ukungu kilipiga. Kwenye mvua kubwa kikanyamaza, na ndege ya kwenye kioo ikajibamiza kilimani.

“Mvua yenyewe ya kompyuta,” alisema Tobias, mkuu wa karakana, ambaye mteja hakumpa pumzi kwa simu. “Umeizidisha. Ipunguze.”

Adriano akaipunguza hadi yakabaki manyunyu. Kifaa kikapiga kelele, naye akatia sahihi. Moyo ulimsuta; akaubembeleza kwamba mvua kama ile hata Nuhu hakuiona.

Wiki iliyofuata mteja, Kapteni Apolinaria, rubani wa ndege ya wagonjwa, mzaliwa wa Urambo, aliwaita yeye na Tobias kwenye uwanja wa ndege. Kifaa kilikuwa kimeshafungwa ndegeni. Upande wa Sikonge wingu jeusi lilikuwa limetanda. Walipokwisha kusalimiana, akafungua mlango wa ndege.

“Karibu, kaka Adriano. Twende tukazunguke kidogo.”

“Mimi ni mpimaji tu, Kapteni.”

“Kwetu mwenye pombe hunywa kwanza, ndipo mgeni apokee kata. Kwenu sivyo?”

Ndivyo. Mama yake kule Puge hajawahi kumpa mtu togwa bila kuionja mbele yake. Adriano akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, akalitazama lile wingu, akaushusha tena.

“Kapteni, kipimo cha mvua tukirudie.”

“Si ulitia sahihi?” Tobias alidakia, akimkata jicho.

“Nilitia. Mvua niliipunguza.”

Apolinaria hakukasirika. Alifunga mlango taratibu.

“Kifungueni mrudi nacho. Wapimaji wote huwa nawaalika hivi.”

“Na kama ningepanda?” Adriano aliuliza.

“Tusingeruka. Tangi halina mafuta hata tone. Ila ungekaa humo umetulia, ningeiamini sahihi yako, na kesho ningepakia wagonjwa.”