Mtungi wa Adhis

Kwa miaka tisa mimi ndiye niliyekuwa msichana. Kundi letu lilizunguka shule za sekondari likiigiza vitabu vya mtihani. Vitabu vilibadilika, lakini kila kitabu kilikuwa na msichana wake, na msichana huyo alikuwa mimi, Nelima. Watahiniwa walikaa na kitabu mapajani, kidole kwenye mstari, na ukiruka neno moja ukumbi mzima unakuzomea. Mimi sikuwahi kuzomewa. Mwaka wa tisini na saba kitabu kilikuwa na bi harusi, nikavaa shela iliyoshonwa kwa pazia, nikaolewa Machakos, nikaolewa Nyeri, nikaolewa Embu mara mbili kwa siku moja.

Halafu huko Thika mvulana wa safu ya mbele akasema, bila hata kunong'ona, "Huyu bi harusi ni rika la mathe." Rika la mama yake! Ukumbi ukaangua kicheko. Hilo si kitu, watoto ni watoto. Kilichoniuma ni kwamba Ephantus, mwelekezi wetu, niliyemjua tangu akiwa na nywele kichwani, alikuwa nyuma ya pazia, na yeye pia akacheka.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane.

Jumamosi nilifundisha vijana kuigiza katika ukumbi wa kanisa kule Kawangware. Nilitoka kwangu Sarang'ombe, Kibera, kwa miguu, nikampitia Adhis kwao Soweto West, tukaenda pamoja. Mama yake, Nereah, aliuza samaki wa kukaanga, na kila Jumamosi alinifungia kipande kwenye gazeti. "Ya mwalimu," alisema. Nilikula samaki wa mwanamke huyo miaka miwili mizima.

Adhis alipokuja kwangu alikuwa na miaka kumi na saba na hakuwa na sauti. Jirani ya ukumbi palikuwa na posho mill, mashine ya kusaga unga, iliyonguruma tangu asubuhi. Nikamsimamisha mwisho kabisa, karibu na dirisha la upande ule, nikamwambia, "Nataka nikusikie wewe, nisisikie mashine." Ilichukua miezi mitano. Nilimfundisha kuvuta pumzi mpaka tumboni, kusimama bila kuchezea vidole, kunyamaza mpaka watu waanze kuingiwa na wasiwasi. Alipoyapata hayo yote akaongeza lake, ambalo sikumfundisha na sijui linaitwaje. Akiingia tu, unamtazama yeye.

Nilimsifu mbele ya wenzake. Nyumbani nilifunga mlango, nikajaribu kuingia kama yeye, kutoka kitandani hadi kwenye jiko la mafuta ya taa. Sikuweza. Nilimwonea wivu, na nasema wazi kwa sababu mficha uchi hazai. Nilichukia hata alivyokuwa akiniita "Ticha" kwa heshima, maana ningepata nafuu angekuwa na kiburi.

Mwezi wa tano Ephantus akaja Kawangware. Siku mbili kabla nilikuwa nimesuka nywele, nikidhani anakuja kuona jinsi ninavyofundisha. Adhis alicheza dakika nne. Alipomaliza, Ephantus alinivuta hadi mlangoni.

"Yule msichana ni nani?"

"Ni mwanafunzi tu."

"Mwambie aje Jumanne saa nne, pale ukumbini kwetu mjini. Nataka kumsikia akisoma bi harusi. Na wewe, Nelima, utatufaa sana kwa mama mkwe. Mama mkwe ako na maneno mazito."

Mama mkwe anaingia mara mbili, na mara ya pili hasemi kitu.

Tukirudi Kibera, Adhis aliniuliza, "Ticha, yule mzee amesemaje?"

"Amesema mnajaribu."

Akafurahi! Aliruka mtaro wa majitaka kwa furaha ya neno hilo dogo. Watu husema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Basi mimi nilimwacha alale.

Jumanne ikapita. Ephantus akaniuliza, nami nikamjibu bila kupepesa jicho, "Ana malaria."

"Pole yake. Basi aje Jumamosi saa kumi, na hiyo ndiyo ya mwisho. Jumatatu tuko Nakuru. Asipokuja, nachukua msichana mmoja wa Buruburu."

Nikasema nitamwambia. Alhamisi nilifika hadi kwao na ujumbe huo mdomoni. Nereah akanipa kiti, akanipa samaki. Nikala, nikamwambia Adhis asichelewe onyesho letu la Jumamosi Laini Saba, nikaenda zangu.

Kila onyesho la mtaani tulilianza bila kutangaza. Wanawake wawili walisimama kando ya reli, katikati ya vibanda na mafundi wa jua kali, wakaanza kugombana kwa sauti. Watu wa Laini Saba hawapiti ugomvi. Wakishajaa, mimi napuliza filimbi, naeleza kwamba ule ni mchezo, kisha nawauliza: nyinyi mngefanya nini? Hapo ndipo kazi yenyewe ilipokuwa, katika majibu yao.

Ugomvi wa siku hiyo niliuandika mimi, nao ulihusu foleni ya maji. Kila mtu wa Kibera anajua sheria yake. Unauweka mtungi wako kwenye mstari, unaenda kufanya shughuli zako, na jirani wa nyuma anausukuma mbele mpaka zamu yako ifike, kisha anakuita. Mwanamke mmoja alikuwa ameenda kumnyonyesha mtoto, na jirani akauruka mtungi wake. Adhis alikuwa mwenye mtungi. Jirani alikuwa awe Audrey, mwanafunzi wangu mwingine, lakini Audrey alikuwa amesafiri kwenda mazishi, kwa hiyo nikasimama mimi, na filimbi shingoni.

Tulianza saa saba na nusu. Watu wakajaa upesi. Wengine walikuwa wametuona siku za nyuma wakajua ni mchezo, wengine hawakujua wakaanza kututuliza. Adhis akainua mtungi wake mtupu akaupiga kofi.

"Zamu yangu ilipofika uliona," akasema. "Mbona hukuusukuma mtungi wangu? Mbona hukuniita?"

Jibu langu lilikuwa, "Kwani mimi ni mboch wako, wa kukufanyia kazi?" Ni maneno yangu mwenyewe, na watu hucheka hapo. Nikafungua mdomo. Adhis alikuwa amenyamaza jinsi nilivyomfundisha, akinikazia macho, na katika macho yale sikuona hila yoyote. Alikuwa akingoja mstari wangu tu.

"Niliona," nikasema. "Niliona zamu yako imefika. Nikanyamaza."

Hayo hayakuwa kwenye mchezo. Lakini mwigizaji mzuri humfuata mwenzake, naye akanifuata. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nina wivu na wewe! Ephantus alikuita, Adhis. Jumanne. Anataka uwe bi harusi. Nikamwambia uko na malaria. Leo saa kumi ndiyo mwisho, na sikuwa na nia ya kukuambia."

Waliodhani ni ugomvi wa kweli wakanizomea. Miaka tisa bila kuzomewa, nikazomewa Laini Saba, na wanawake wenye ndoo. Waliojua ni mchezo wakapiga makofi.

"Si mchezo, jamani," nikasema, machozi yakinitoka. "Hii ni kweli."

"Aki huyu mathe anajua!" fundi mmoja wa kuchomelea akapiga kelele, miwani yake myeusi kwenye paji la uso. "Cheki, hadi analia!" Makofi yakazidi. Sijawahi kupigiwa makofi kama yale.

Adhis peke yake hakupiga. Alikuwa amebadilika rangi. Akaweka mtungi chini, akanikaribia, nami nikafumba macho nikingoja kofi. Akaivua filimbi shingoni mwangu, akaipuliza. Kisha akawageukia watu akauliza swali langu, kwa sauti ile inayoishinda posho mill.

"Nyinyi mngekuwa mimi, huyu mngemfanyia nini?"

"Mwagia yeye maji!" "Asiwahi kuchota hapa tena!" Kila mmoja na lake. Mwishowe mama mmoja mkaanga mandazi akasema, bila kuinua macho kwenye karai, "Si aupeleke huo mtungi mwenyewe? Auweke pale mbele, mahali ungekuwa. Akishamaliza ndio mgombane."

Tulikwenda mjini kwa Ephantus kwa miguu. Yeye alitangulia kwenye reli, mimi nyuma, na kila nilipoongeza hatua naye aliongeza. Nilimwita mara mbili. Alisimama mara moja tu, karibu na mjini, akafuta vumbi viatuni kwa jani, akaniuliza, "Ni mlango upi?" Nikamwonyesha.

Ephantus alikuwa akikunja mikeka. Saa kumi ilikuwa imepita kwa dakika saba.

"Aa, msichana wetu! Malaria imepona?"

Adhis alinitazama kidogo. Angesema neno moja tu, miaka yangu tisa na hata yule mama mkwe vingeishia hapo mlangoni. Nami ningesema ni haki yangu.

"Imepona," akasema. Akameza mate taratibu, kama mtu ambaye uchungu wa dawa bado uko ulimini, akashika kiti kabla ya kukaa. "Ticha ndiye amekuwa akiniletea dawa."

Ephantus akamsogezea maji. Hata mimi, niliyejua hakuugua hata siku moja, nilikaribia kumwambia pole. Nilimtafuta kosa kwenye pumzi, kwenye vidole, kwenye macho. Sikupata. Nikafungua kitabu kwenye ukurasa wa mama mkwe nimsomee, naye anijibu kama bi harusi, na wivu ukanishika upya.