Pedeli za Immy na Salamu ya Mzee Semu

Immy alikuwa mtu wa kuchagua upesi na kutojuta, na hata siku aliyokwenda Kasese kununua pedeli hakukaa kwenye kibanda cha Shafic zaidi ya muda wa kunywa kikombe cha chai. Shafic aliuza vipuri vya baiskeli zilizotumika, vitu vilivyotoka Ulaya kwa makontena, na alipenda mteja wa kubishana naye. Immy alimnyima raha hiyo. Alimweleza kwa ufupi kwamba yeye ni mkunga kwenye kituo cha afya huko Bwera, anaishi kwa wakwe zake vilimani upande wa Kisinga, na kila siku anaendesha baiskeli saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Mvua ikinyesha kiatu huteleza, pedeli ikazunguka na kumtwanga ugoko. Kovu alikuwa nalo, kama Shafic alitaka ushahidi.

Shafic akamwagia mezani aina tatu za pedeli zinazonasa kiatu. Ya kwanza ilikuwa ya watu wa mashindano. Kiatu chake kilikuwa na bamba kubwa la plastiki chini ya soli, na ukitembea nacho unatembea kama bata. Immy akaisukuma kando, maana hakuna mama anayetaka kuzalishwa na bata. Ya pili ilikuwa nusu kwa nusu: upande mmoja bapa, wa kukanyaga kwa kiatu chochote, upande wa pili unanasa. Ya tatu ilinasa pande zote mbili. Kiatu chake kilificha kipande kidogo cha chuma ndani ya soli. Ukikanyaga, ka, mguu na baiskeli vimekuwa kitu kimoja, na ukitaka kujitoa unapinda kisigino kwa nje.

"Sista, chukua hii ya nusu," Shafic alimwambia. "Huko kwenu wazee iko mingi sana njiani. Kila mahali utashuka."

Immy akachukua ya tatu, na viatu vyake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini Shafic hakuwa mkuu wa mtu, alikuwa kijana mwenye vipuri. Immy naye alipanda baiskeli tangu utotoni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa Kilembe, ambako makabila yalichanganyika hata Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani. Mtu aliyejifunza kuendesha kando ya mto Nyamwamba, bila breki, hafundishwi pedeli.

Hata hivyo neno la wazee halikuwa mzaha. Kwenye vilima vile ukikutana na mzee hupungi mkono ukapita. Unashuka, unasimamisha baiskeli, unamshika mkono, unauliza ameamkaje, nyumbani wakoje, mbuzi wakoje, goti linaendeleaje. Waendesha pikipiki wameiua desturi hiyo na hakuna anayewauliza, lakini mke aliyeolewa kwa mbuzi si mwendesha pikipiki. Miezi michache nyuma, akichelewa zamu, Immy alimsalimia Mzee Bwambale bila kushuka kwenye kiti. Kabla ya jioni habari zilikuwa zimefika nyumbani.

Baba mkwe wake, Yonasani, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, hakupiga kelele. Alisema tu kwamba akilalamikiwa tena juu ya salamu za mukamwana wake, mke wa mwanawe, baiskeli itauzwa. Erisa, mume wa Immy, dereva wa lori aliyerudi nyumbani mwisho wa wiki tu, alisema neno la baba ni neno la baba. Na bila baiskeli kazi ilikuwa imekwisha, kwa sababu pikipiki ya kila siku ingemeza mshahara wote. Immy alijua hivyo. Alijua pia kwamba anaipenda kazi ile kuliko alivyowahi kumwambia mtu, na kwamba hakuwa tayari kuchuma kahawa maisha yake yote akisikia kwa jirani nani amejifungua.

Jumapili alasiri akajizoeza uani, ameegemea ukuta wa jiko. Nasa, pinda, toka. Nasa, pinda, toka. Mama mkwe wake, Ketura, alimtazama huku akichambua maharage, akasema baiskeli sasa imekuwa punda, na punda mwenyewe ndiye aliyemfunga mtu kamba. Immy akacheka. Alikuwa na hakika na miguu yake.

Asubuhi iliyofuata wazee wawili wa kwanza aliwashukia vizuri kabisa. Wa tatu alikuwa Mzee Semu.

Huyu Semu zamani alikuwa na duka la chumvi, enzi ambazo chumvi ya Kabatoro ilipandishwa vilimani kwa magunia na mwenye duka aliitwa bwana. Siku hizo zilipita. Watoto wake walitawanyika, mmoja Kampala, wengine ng'ambo ya mpaka, Kongo, na duka likabaki limefungwa. Lakini kila asubuhi alikaa mbele ya mlango wake amevaa koti, kana kwamba wateja wamechelewa tu.

Immy alikuwa akiupanda mlima ule polepole, gia ndogo kuliko zote, mvua ya alfajiri ikiwa bado barabarani. Semu akaingia njiani na mkono juu, anataka kuuliza dawa ya goti. Immy akapinda kisigino cha kushoto, mguu ukatoka, safi. Tatizo ni kwamba barabara ililalia kulia, baiskeli nayo ikalalia kulia, na mguu wa kulia ulikuwa bado umenaswa. Aliyewahi kuzitumia pedeli hizo anaifahamu nafasi ile: unapata muda wa kuwaza mambo yote na huna muda wa kufanya hata moja. Immy alimwita mama yake, akaenda chini taratibu, mzimamzima, kama mgomba uliokatwa. Akatua kwenye tope tupu, kwa magoti na kiwiko, mbele ya viatu vya Mzee Semu. Na ulimi wake, uliokuwa umekwisha kuandaa salamu ya asubuhi ya Wakonzo, watu wa vilima vile, ukaitoa palepale chini.

"Wabukire, muzee."

Semu akavua kofia. Akamwinua kwa mikono miwili, akampangusa tope kwa leso yake mwenyewe, akamwitikia salamu kwa urefu wake wote, nyumba, watoto, mbuzi. Habari ya goti hakuikumbuka tena.

Jioni Immy aliporudi, hadithi ilikuwa imemtangulia. Semu alizunguka kilima chote akieleza kwamba mukamwana wa Yonasani, mutoto wa Kilembe, alimsalimia kwa kujitupa chini na baiskeli yake yote, salamu ambayo hata babu zao hawakupata. Yonasani alikaa mlangoni, uso umemng'aa. Alimkaribisha mkwewe kwa jina la heshima na kumwambia Ketura ampe nyama ya shingo.

Hapo Immy angeweza kusema. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, nilianguka. Lakini nyama ilikuwa nzuri, baiskeli ilikuwa salama, na sifa ni kitu kitamu hata kwa mtu asiyezihitaji. Akanyamaza. Aliona haya kidogo, na juu ya haya hiyo alifurahi.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya mnyamavu hurefuka siku chache tu. Immy alichukua ufunguo mdogo aliopewa na Shafic, akalegeza skrubu inayokaza mdomo wa pedeli, na wiki haikwisha kabla kisigino chake hakijaanza kugeuka chenyewe. Sasa alishuka kwa wazee kwa madaha, mguu huu kisha mguu ule, mikono miwili, goti kidogo. Na kadiri alivyoshuka vizuri ndivyo wazee walivyozidi kununa. Walisimama pembeni wakingoja. Wakipewa mkono waliupokea huku wakitazama chini, mahali ambapo alipaswa kuwa ameanguka. Mzee Bwambale alisema waziwazi kanisani kwamba siku hizi heshima inagawiwa kwa upendeleo, na kwamba yeye kwa umri anamzidi Semu.

Immy hilo lilimchekesha. Halikumchekesha tena jioni aliyomkuta Yonasani mwenyewe amesimama barabarani, peke yake, amevaa shati la Jumapili siku ya Alhamisi. Alishuka, akapiga goti, akamshika mkono. Yonasani akangoja. Akangoja kidogo tena. Kisha akageuka akaenda nyumbani, na mgongo wake ulikuwa wa mtu aliyeumia.

Jumapili baada ya ibada akawaita watu wa nyumba yake wakae uani. Erisa alikuwepo, na Ketura, na Bwambale ambaye hakualikwa na mtu. Semu aliitwa kama shahidi. Alikuja na koti lake limepigwa pasi, kofia mkononi, akakaa kwenye kiti alichowekewa karibu na mwenye nyumba. Tangu duka lake lifungwe hakuwa ameitwa kwenye baraza lolote.

Yonasani hakuzunguka. "Mukamwana, mimi iko baba yako hapa. Semu iko jirani. Juu ya nini yeye unamuangukia, na mimi unanishukia tu kama mutu wa barabara?"

Immy, aliyekuwa na jibu kwa kila daktari wa wilaya, alifungua mdomo kulitoa lile neno moja. Kisha akamwona Semu. Mzee alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, anasubiri kuhadithiwa. Immy akaona jinsi itakavyokuwa: Bwambale atacheka wa kwanza, na kesho kilima kizima kitajua kwamba Mzee Semu alitembeza ajali nyumba kwa nyumba akiiita heshima. Alimpenda mzee yule wakati huo, kwa ghafla na kwa hasira, na aliipenda kazi yake pia, na hivyo viwili havikukaa pamoja.

"Baba, kosa ni langu," alisema. "Sina la kusema zaidi."

Erisa akamtazama kwa mshangao, maana hakuwahi kumsikia mkewe akikosa la kusema. Yonasani alitikisa kichwa polepole. Akasema kwamba basi maneno yamekwisha, na baiskeli itapelekwa Bwera siku ya soko, iuzwe. Immy aliitikia kwa kichwa na kuyakaza meno ili asilie mbele yao.

"Alianguka," Semu akasema.

Yonasani akamuuliza nani.

"Huyu mutoto. Hakunisalimia, alianguka. Niliona mguu yake inapigana na ile chuma. Mutu mwenye kusalimia haiti mama yake kwanza."

Bwambale alianza kucheka, akaona hakuna wa kumsaidia, akaacha. Yonasani alimgeukia jirani yake, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Alitaka kujua kwa nini basi alipita kila mlango akisema ni salamu, na yeye akijua.

Semu aliizungusha kofia mkononi.

"Yonasani, weye iko na watoto hapa, iko na kanisa. Watu wanashuka kwa ajili yako kila siku mpaka unachoka. Mimi, tangu duka ifungwe, pikipiki inanipita kama inapita jiwe. Ile asubuhi mutu moja alikuwa chini mbele yangu, anasema wabukire. Nilijua ni kuanguka. Nikaikamata vile vile."

Ketura alifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake bila kujificha. Yonasani alikohoa, akatazama mikono yake, akasema baiskeli haitauzwa. Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba radhi na hajui kwa nani. Kisha akasema kila mtu asogeze kiti, chakula kitaletwa.

Watu walipoanza kuinuka, Immy alivuka uani kwenda kwenye kiti cha Semu. Hakuharakisha. Alipiga magoti yote mawili kwenye udongo, na gauni lake la kanisani, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili. Akamsalimia tangu mwanzo. Aliuliza ameshindaje, watoto wa Kampala wakoje, wale wa Kongo wakoje, na goti. Habari ya goti ilikuwa ndefu, na aliisikiliza yote.

Semu aliitikia kila swali kwa mpangilio wake, sauti ya chini, ya mtu mwenye duka. Alipofika mwisho hakumwachia mkono upesi. Aligeuza kichwa kidogo tu, upande wa Bwambale, kuangalia kama ameona.